EverDrive, EZ-Flash au kaseti ya gemu moja: ipi uchomeke kwenye Game Boy Advance yako

Kila anayefufua Game Boy Advance yake ya zamani, akishabadilisha kioo na kusafisha vitufe, swali linalofuata ni lilelile: ninunue kaseti gani ya flashi, ile unayochomeka memori kadi ndani afu unabeba magemu yako yote kwa mpigo. Na karibu wote wanaanza kwa kuuliza ipi ina vitu vingi. Mi nawaambia anza na sevu kwanza, hivyo vingine tutavikuta mbele.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Kaseti yangu ya kwanza ilikuwa kopi ya bei poa ya kaseti nyingine, haina hata jina la maana kwenye ganda, na nilikuwa nacheza Pokémon Emerald, nimeshapita saa sitini na kitu, nimewalea wale wadudu mmoja mmoja. Nikabanwa na kazi nikaiweka kwenye droo miezi kama miwili hivi. Siku nairudia nawasha, gemu inafunguka vizuri, muziki ule ule, nabonyeza Start, naona NEW GAME na OPTION peke yake. Hamna CONTINUE. Nikazima nikawasha mara tano, nikapuliza kaseti kama mtoto, wapi. Nikaifungua, betri ndogo ya kitufe iliyomo ndani nikaipima na mita, ilikuwa imeshakufa. Saa sitini zote zilikuwa zimening'inia kwenye kabetri ka saizi ya kifungo cha shati, na mi sikujua kama kapo.

Kwa hiyo kabla hata hatujataja majina tuelewane sevu inakaa wapi.

GBA ina aina tatu za kutunza sevu kwenye kaseti orijino. Kuna SRAM ya kilobaiti 32 inayotegemea betri, kuna EEPROM ya baiti 512 au kilobaiti 8, na kuna chipu ya flashi ya kilobaiti 64 au 128. Emerald ni ya 128. Kaseti ya flashi inabidi iigize zote hizo, na hapo ndo watengenezaji wanatofautiana. Njia ya kwanza, ambayo ni ya kizamani na ipo kwenye kaseti nyingi mpaka leo, ni kwamba gemu inaandika sevu kwenye SRAM ya kaseti, betri ndogo inaishikilia ukizima, afu siku unawasha tena ndo menyu ya kaseti inaichukua na kuipeleka kwenye memori kadi kama faili la .sav. Yaani kati ya kuzima leo na kuwasha kesho, sevu yako haipo kwenye memori kadi. Ipo mikononi mwa betri. Ukichomoa memori kadi ukaipeleka kwenye kompyuta kabla hujawasha, unakopi sevu ya juzi, na wengi wanalalamika kaseti mbovu kumbe ni hicho tu.

Njia ya pili ni FRAM. Hii ni memori inayokumbuka bila umeme wowote, haihitaji betri, na inaandikwa haraka kama SRAM. Utaratibu wa kuhamishia kwenye memori kadi siku ya kuwasha unabaki, lakini hata ukiisahau kaseti kwenye droo miaka mitatu sevu ipo.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu.

EverDrive GBA, ya fundi wa Ukraine anayejulikana kama Krikzz, ilianza na X5 afu ikaja Mini yenye umbo dogo la kaseti orijino. EZ-Flash za Uchina ziko nyingi ila kwa leo zinazohusika ni Omega, na Omega Definitive Edition ambayo watu wanaiita DE tu. Kuna pia EZ-Flash IV ya zamani ambayo bado inauzwa huku na huku, nitaisema kwa kifupi maana haistahili kirefu.

X5 iko kwenye kundi la betri. Omega ya kawaida hivyo hivyo. DE ndo ina FRAM, na betri yake kazi ni saa tu, ikifa unakosa saa lakini sevu haziguswi. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kumaliza mjadala kama maisha yangekuwa rahisi hivyo, ila si rahisi, maana EverDrive ina kitu kingine ambacho ukishakizoea unakuwa mvivu wa kutumia kitu kingine: haikusumbui. Unatupia mafaili kwenye memori kadi, unawasha, unachagua, inajua yenyewe gemu hii inatumia sevu ya aina gani, inacheza. Menyu yake ni kavu kabisa, maandishi tu na folda, hamna picha wala mbwembwe, na ndo ninavyotaka.

Menyu ya Omega ina picha za magemu ukitaka kuziweka, ina magemu uliyocheza karibuni, ina mipangilio, ina ukurasa wa NOR, yaani memori ya ndani ya kaseti ambayo gemu inakaa hata ukizima. Na ukichagua gemu inakuuliza unataka kuiwasha vipi, safi au na nyongeza. Hapo ndo mtu mpya anachanganyikiwa. Safi maana yake gemu inawashwa kama ilivyo. Nyongeza maana yake kaseti inaichokonoa gemu kidogo kabla ya kuiwasha ili kukupa vitu ambavyo GBA haikuwahi kuwa navyo: kuilaza gemu usingizi, kurudi menyu bila kuzima, kodi za kudanganya, na kubwa kuliko zote kugandisha gemu pale pale ulipo afu urudi baadaye pale pale, hata kama uko katikati ya bosi. EverDrive X5 na Mini hiyo hazina.

Na hii kugandisha ni tamu kweli ukiwa unacheza magemu ya zamani ambayo sehemu ya kusevu iko mbali, unacheza dakika kumi unashuka unaendelea na mambo yako. Lakini kwa sababu inafanya kazi kwa kuibadilisha gemu, zipo gemu zinagoma, zipo zinaganda ukirudi, zipo sauti inakwaruza. Kanuni yangu mwenyewe ni kwamba gemu yoyote ya masaa mengi naiwasha safi, na nyongeza naziachia gemu za kupigana na za mbio. Ukianza RPG, zile gemu ndefu za hadithi kama Pokémon, na nyongeza ukafika nusu ikaganda usije ukamlaumu mtu.

Kuhusu kasi ya kufungua. GBA inasoma gemu moja kwa moja kutoka kwenye kaseti, haiwezi kusubiri memori kadi, kwa hiyo kaseti ya flashi inakopi gemu kutoka kwenye memori kadi kwenda kwenye memori ya haraka ndani yake kabla ya kuanza. Gemu kubwa kabisa za kawaida za GBA ni megabaiti 32, nyingi ni 4, 8 au 16. EverDrive inakopi 32 kwa sekunde chache, Omega na DE nazo hivyo, huwezi kuona tofauti ya kukufanya ubadilishe mawazo. Tofauti iko kwa mkongwe EZ-Flash IV, ambayo memori yake ya haraka ni megabaiti 16 tu, kwa hiyo gemu ya 32 lazima iandikwe kwenye NOR, na kuandika NOR ni kuketi unaangalia asilimia zinapanda taratibu. Tena ile IV inataka gemu zipitishwe kwanza kwenye programu ya kompyuta ili sevu zifanye kazi, na saa ya ndani haina. Ilikuwa mali enzi zake. Leo mtu akikuuzia IV hakikisha anakuuzia kwa bei ya huruma.

Hiyo NOR ambayo imebaki kwenye Omega na DE si ya bure lakini. Ni megabaiti 64 ambazo gemu inakaa hata ukizima, kwa hiyo gemu unayoicheza kila siku unaweza kuiandika humo mara moja, na kila ukiifungua haikopiwi tena, inaingia papo hapo, na ulaji wa chaji unapungua. Mi nina moja imekaa humo muda mrefu, sijawahi kuitoa.

Saa ya ndani. Kama huchezi Pokémon unaweza kuruka aya hii, ila kama unacheza soma. Ruby, Sapphire na Emerald zina saa, matunda yanakua kwa saa, mawimbi kwenye pango yanajaa na kupwa kwa saa, na kaseti orijino zina betri ya CR1616 kwa kazi hiyo, ikifa gemu inakwambia betri ya ndani imekwisha ila unaendelea kucheza tu bila hayo mambo ya muda. EverDrive X5, Mini, Omega na DE zote zina saa. Kaseti nyingi za bei chee hazina. Hapa ushindani ni sare.

Mtetemo upo kwenye DE, kwa magemu machache yaliyotoka nao kama Drill Dozer. Ni kitu cha kufurahia siku mbili. Na hapa niseme mapema ili mtu asije akalia: hamna hata moja kati ya hizi itakayokupa vile vitu ambavyo vilikuwa vimejengwa ndani ya kaseti zenyewe. Boktai ilikuwa na sensa ya jua juu ya kaseti, kweli kabisa unatoka nje juani ili silaha ijae. WarioWare: Twisted! ina kifaa kinachohisi unavyozungusha konsoli. Yoshi Topsy-Turvy inahisi unavyoinamisha. Hizo mpaka ununue kaseti zake orijino, au utafute matoleo ambayo mashabiki wameyabadilisha yatumie vitufe.

Kingine kinachosumbua ni ule mfululizo wa Classic NES Series, magemu ya konsoli ya zamani ya NES yaliyotolewa upya kwa GBA. Zile gemu ziliwekewa mitego, zinakagua kama zimewekwa kwenye kaseti halisi, mojawapo ya ukaguzi ni kujaribu kuandika SRAM mahali ambapo haitakiwi kuwepo, ikikuta ipo zinakutupia ujumbe wa hitilafu na kugoma. Kwa kaseti zenye akili ya kutambua aina ya sevu na kuficha SRAM zinapita. Kwa kaseti za ovyo hazipiti. Ukitaka kupima kaseti ya mtu kabla ya kununua, hiyo ni mojawapo ya njia.

Sasa chaji. Kila kaseti ya flashi inakula kuliko orijino, hamna muujiza hapo, ndani kuna chipu ya kuiendesha kaseti (FPGA) na memori kadi. EverDrive ina sifa ya kula kidogo na ndivyo nilivyoiona, Omega inaizidi kidogo kwa kula ukicheza kutoka memori ya haraka, ukicheza kutoka NOR wanakaribiana. Lakini tatizo kubwa la chaji ambalo watu wanalisingizia kaseti ni swichi ya kuwashia ya konsoli yenyewe. Hizi mashine zina miaka zaidi ya ishirini, GBA ilitoka 2001, SP ile ya kukunja 2003, na ndani ya swichi kumejaa kutu na uchafu, volti zinapungua zikipita hapo. Kaseti orijino inavumilia. Kaseti ya flashi haivumilii, unacheza gemu inajizima yenyewe, au taa inakuwa nyekundu betri zikiwa mpya, au menyu inaganda ikisoma memori kadi. Jamaa mmoja alishaniletea kaseti yake akisema imekufa nimuuzie yangu. Nikachukua GBA yake, nikaidondoshea spiriti ya isopropili kwenye mwanya wa swichi, matone mawili, nikaisukuma huku na huku kama mara thelathini, nikaiacha ikauke. Kaseti yake ikafufuka. Pini 32 za kwenye tundu la kaseti nazo zipitishie pamba yenye spiriti hiyo hiyo kabla hujasema umeuziwa kanyaboya.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau na mi nadhani inawafaa wengi zaidi kuliko wanavyojua: kaseti ya gemu moja unayoandika mwenyewe. Hii haina memori kadi, haina menyu, ni bodi tupu yenye chipu ya flashi ya megabaiti 32 hivi na ya sevu, unaichomeka kwenye kifaa cha kuandikia kama GBxCart RW, unafungua programu ya FlashGBX kwenye kompyuta, unaandika gemu, unachomeka kwenye GBA inawaka moja kwa moja kama orijino. Chaji inakula kama orijino. Na uzuri wa kile kifaa ni kwamba kinafanya kazi pande zote, kinasoma kaseti zako orijino zikawa mafaili, kinatoa sevu zako za utotoni kabla betri zake hazijafa na kuzirudisha baada ya kubadilisha betri. Kama una kaseti zako za Pokémon Gold au Silver za 1999 na 2000, zile zina CR2025 inayoshikilia sevu na saa vyote viwili, na saa inaimaliza betri kila sekunde, basi hicho kifaa kinunue kabla hata ya kaseti ya flashi. Nasema kweli. Kaseti ya flashi inaweza kusubiri, betri ya 1999 haisubiri.

Ubaya wa kaseti ya gemu moja ni huo huo wa jina lake. Ukitaka kubadilisha gemu unarudi kwenye kompyuta. Ila kwa mtu anayetaka kucheza Mother 3 tu, ambayo ilitoka Japani peke yake 2006 na mashabiki wakaitafsiri Kiingereza 2008, anapachika tafsiri kwenye faili la gemu aliyoitoa kwenye kaseti yake, anaandika, anabandika lebo nzuri, kwisha. Haina haja ya kununua gari la kubebea mizigo kwa ajili ya begi moja. Chagua bodi yenye FRAM au isiyohitaji betri kwa sevu, ni yale yale niliyosema mwanzo.

Nije kwenye kosa ambalo naliona kila siku. Mtu ana GBA, anasema ninunue kaseti ya GBA maana itacheza na gemu za Game Boy na Game Boy Color pia. Haichezi. Yaani inacheza kwa njia ya kuzunguka tu. GBA ina swichi ndogo ndani ya tundu la kaseti, kaseti nene ya Game Boy ikiingia inaibonyeza, mashine inageuka kuwa Game Boy Color na umeme wa kaseti unakuwa volti 5. Kaseti ya GBA haiigusi hiyo swichi, mashine inabaki ya GBA kwa volti 3.3. Kwa hiyo kaseti ya flashi ya GBA haiwezi kuigeuza mashine, inachofanya ni kuendesha emuleta, programu ya kuigiza mashine nyingine, inaitwa Goomba ndani ya GBA, na Goomba ni kazi nzuri sana kwa mashine ndogo vile ila sauti si ile, baadhi ya gemu zina kasoro, na sevu zinatunzwa kwa mtindo wake. Kwa gemu za NES kuna PocketNES, hiyo naipenda zaidi.

Ukitaka Game Boy ya kweli, nunua kaseti ya flashi ya Game Boy. Itacheza kwenye mashine ya 1989, Pocket, Color, GBA na SP. Haitaingia kwenye Game Boy Micro wala DS, hizo hazina uwezo wa gemu za Game Boy kabisa. Upande huu EverDrive GB zinakuja kwa ngazi, X3, X5 na X7, na mpinzani ni EZ-Flash Junior. X7 ndo yenye kila kitu, saa ya ndani, kugandisha gemu pale ulipo, menyu katikati ya gemu. X5 hii ya Game Boy, si ile ya GBA, haina saa wala kugandisha. X3 ndo ya chini, ukishasevu kwenye gemu inabidi urudi menyu ndo sevu iende kwenye memori kadi, ukizima kwa mazoea ya zamani umejisahau. Junior ina saa kwa bei ya chini kuliko X7, haina mbwembwe za kugandisha. Kwa hiyo kama unataka Pokémon Gold, Silver au Crystal zenye mchana na usiku wake, uchaguzi ni X7 au Junior, X5 imekaa katikati sehemu mbaya, bei ya juu na saa haina. Mi ningechukua Junior na salio nikanunua kile kifaa cha kuandikia. Mwenye kucheza Tetris na Kirby tu achukue yoyote, hata X3. Ila Kirby Tilt 'n' Tumble isahau, ina kihisi cha kuinamisha ndani ya kaseti.

Upande huu pia ndo kuna raha ya magemu mapya. Watu wanatengeneza gemu za Game Boy leo hii kwa GB Studio, programu ya bure, huhitaji kujua kuandika kodi, unapata faili la .gb unaliweka kwenye kaseti na kulicheza kwenye mashine ya 1989. Kwangu hiyo ni sababu nzuri kuliko zote ya kuwa na kaseti ya flashi.

DS nitapita haraka. DS na DS Lite zina matundu mawili, la chini ni la kaseti za GBA na kaseti za flashi za GBA zinaingia, ila DSi haina tundu hilo kabisa, usije ukanunua Omega ukaenda nayo kwenye DSi. Kwa gemu za DS zenyewe kaseti maarufu ilikuwa R4, ambayo ile ya kwanza ilikuwa haikubali memori kadi za SDHC, mwisho gigabaiti 2, na baada yake zikaja kopi zenye jina lile lile chungu nzima. Baadhi ya hizo kopi zimewekewa tarehe ndani, siku ikifika kaseti inagoma kufunguka mpaka upachike toleo lingine la programu yake. Ukiwa na DSi wala usinunue kaseti, weka programu ya TWiLight Menu++ kwenye SD kadi ya mashine yenyewe na maisha yanaendelea.

Memori kadi. Gigabaiti 16 inatosha na inabaki. Piga hesabu, gemu kubwa ya GBA ni megabaiti 32, ukijaza zote za saizi hiyo gigabaiti 8 zinabeba 250, na wewe hutocheza 250. Ifomati kwa mtindo wa FAT32, unakubalika kwenye kaseti zote nilizotaja. Ukinunua ya 64 kwa tamaa utakuta imekuja na mtindo mwingine wa exFAT, na Windows kwa miaka mingi imekuwa ikigoma kufomati FAT32 zaidi ya gigabaiti 32, utaanza kutafuta programu ya pembeni kwa tatizo ulilojiletea mwenyewe. Na nunua memori kadi ya kampuni inayoeleweka, hizi feki zinazojidai gigabaiti 128 ndo zinaua sevu kimya kimya.

Ukihama kutoka kaseti moja kwenda nyingine, au kutoka emuleta ya simu, sevu zinahamishika, faili la .sav ni faili tu. Lakini angalia saizi yake. Emerald inatakiwa iwe baiti 131,072 kamili. Ukiitoa kwenye mGBA unaweza kukuta 131,088, zile 16 za ziada ni taarifa za saa ambazo emuleta imezibandika mwishoni, na kuna kaseti zitakataa au zitasoma vibaya. Zikate kwa programu ya kuhariri baiti, itakuchukua dakika moja. Jina la faili nalo lifanane na la gemu herufi kwa herufi, na kila kaseti ina folda yake ya sevu, usiweke tu popote.

Basi mi ningechagua hivi. Mtu wa RPG, anayesevu leo na kurudi baada ya wiki tatu: DE, bila kufikiria mara mbili, kwa sababu ya FRAM. Mtu anayetaka kuchomeka na kucheza na hana hamu ya kusoma mipangilio, na mfuko unamruhusu maana huwa ghali zaidi: EverDrive Mini, awe tu na tabia ya kuwasha kaseti mara moja baada ya kusevu ili sevu ivuke kwenye memori kadi. Mwenye Omega ya kawaida tayari abaki nayo, abadilishe betri ikichoka, haina haja ya kukimbilia DE. Mwenye gemu mbili tatu anazozipenda tangu utoto: kifaa cha kuandikia na bodi tupu. SuperCard, kaseti nyingine za flashi za zamani, ukizikuta kwa mtu ziache, memori yake ni ya polepole na gemu za GBA zinakwama kwama humo, utadhani mashine yako imezeeka.

Na jihadhari na kopi feki. EverDrive na Omega zote zinaigwa, ganda linafanana, lebo inafanana, tofauti unaiona ukifungua au ukijaribu kuweka toleo jipya la programu ya kaseti ikagoma. Bei ikiwa nusu ya bei ya kawaida jua unanunua nini.

Siku ikifika mikononi mwako usianze safari ndefu. Fungua gemu yoyote, cheza dakika tano, sevu ndani ya gemu kwa njia ya kawaida, zima. Iache usiku kucha nje ya konsoli. Asubuhi iwashe mpaka menyu ionekane, zima, chomoa memori kadi, ichomeke kwenye kompyuta, fungua folda ya sevu, angalia faili la .sav lina saizi sahihi na tarehe si ya ajabu. Rudisha, fungua gemu, tafuta neno CONTINUE. Kama lipo, anza Emerald yako.